Usukani Ulioshika na Kuachia

Ilikuwa saa nane na robo mchana, tunapanda kuelekea Kanaba kwenye barabara ya Kabale–Kisoro, gia ya pili, msitu wa Echuya uko karibu na bonde liko upande wa pili. Nyuma yangu walikaa wazee wawili wa Mombasa, mume na mke, waliokodi gari kwa siku tisa waizunguke Uganda. Bibi alikuwa anamenya chungwa. Nikaingia kona ya kushoto, usukani ukazunguka nusu, halafu ukakataa. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeshazoea uzito wake wa kuja na kuondoka, lakini safari hii ilikuwa kama kuna mtu ameushika kwa chini. Nikaukaza kwa mabega yote mawili, mguu kwenye breki, na gari likamaliza kona limeshakula nusu ya upande wa wanaoshuka. Lori la viazi likapiga honi ndefu, likapita. Kufika kona iliyofuata, usukani ulikuwa mwepesi kabisa.

“Mwanangu, kuna nini?” bibi akauliza.

“Kuna kitu nataka kukitazama, Bi Mkubwa.”

Nikaegesha penye nafasi, nikazima injini, tukatia mawe nyuma ya magurudumu, nikafungua kifuniko. Oili ipo. Hakuna mpira uliopasuka. Nikawasha tena, nikauzungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Mwepesi. Hapo ndipo hofu iliponiingia hasa, kwa sababu gari lilikuwa zima kabisa mbele ya macho yangu na nilitakiwa kulipandisha tena barabarani na roho za watu ndani.

Kutoka pale mpaka Kisoro nilikwenda kama mtu aliyebeba mayai. Nikawatafutia wazee gari jingine la kuwamalizia safari, nikawarudishia pesa za siku zilizobaki. Mzee hakutaka kuzipokea. Nikamwambia, “Zichukue, mzee wangu, mimi mwenyewe sijui nitakachokikuta.” Nikarudi nyumbani Bombo na kijana wangu wa gari, mwendo wa pole, na kwa majuma mengi baada ya hapo sikupakia mgeni hata mmoja.

Gari lenyewe ni kosta, yale mabasi madogo ya Kijapani ambayo hapa kwetu hupeleka watu harusini na mazishini. Injini ni dizeli ya silinda sita, na imekaa ndani, kati ya kiti cha dereva na cha abiria wa mbele, chini ya kifuniko unachoweza kukifungua bila kushuka. Nililinunua likiwa limeshageuzwa kuwa gari la kulala: vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, choo kidogo, tangi la maji la lita 200, friji, betri ya pili na paneli ya sola juu ya paa. Likiwa na kila kitu chake lina tani tano na ushee. Karakana iliyoligeuza ilifanya kazi nzuri sana ya mbao, makabati yanafunga bila kelele hata kwenye maramu, zile barabara zisizo na lami. Naisema sifa hiyo mapema kwa sababu kazi yao ya chini ya makabati ni habari nyingine.

Usukani wake unasaidiwa na oili. Kuna kikopo cha oili, pampu inavuta kutoka humo, inaisukuma kwa nguvu mpaka kwenye boksi ya usukani, boksi inausukuma mkono unaogeuza magurudumu, kisha oili inarudi kikopuni. Oili ikikosekana hata kwa sekunde mbili, usukani bado umeungana na magurudumu kwa vyuma, kwa hiyo gari halikuponyoki moja kwa moja. Ila unabaki wewe na mikono yako dhidi ya tani tano, na kama hukulitarajia, sekunde mbili hizo ni nyingi.

Kabla ya Kanaba nilikuwa nimeshapita gereji tatu. Ya kwanza ilimwaga oili ikaweka mpya. Ya pili ikabadilisha tairodi zote, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, na kulipeleka gari alaimenti, kulinganishwa magurudumu. Ya tatu ikasema pampu imekufa, nikaenda Kisenyi, Kampala, kwenye spea za mitumba, nikanunua nyingine kwa shilingi 450,000. Baada ya Kanaba, gereji ya nne ikafungua boksi ya usukani na kubadilisha sili zote za ndani, zile zinazozuia oili isivuje. Nikijumlisha na kazi ya mikono, nilikuwa nimetoa karibu shilingi milioni 2. Na kila mara gari lilipona! Siku tatu, siku tano, mara moja juma zima.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka humpa kila fundi sifa. Ukimwaga oili na kuweka mpya unatoa pia hewa iliyokuwa imeingia, usukani unatulia. Ukibadilisha pampu, oili inamwagwa vilevile, usukani unatulia vilevile. Mafundi wale hawakunidanganya. Walifanya kazi, wakalijaribu gari uani, likakubali, wakachukua haki yao. Lakini uani gari lilikuwa linakubali hata kabla hawajaligusa, na hilo hakuna aliyeliuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Aliyenifungua macho ni mke wangu, ambaye ni muuguzi. Jioni moja nalalamika jikoni, akaniuliza, “Inakupata saa ngapi?”

Nikamwambia wakati wowote.

“Homa ya wakati wowote haipo,” akasema. “Mgonjwa akija na homa inayopanda na kushuka, tunaandika saa na kipimo, saa na kipimo, mpaka tuone inavyokwenda. Wewe hujaandika, ndiyo maana unaona ni wakati wowote.”

Asubuhi yake nikanunua daftari la shule la kurasa 96, nikalichora safu kwa rula. Tarehe na saa. Mahali. Injini imewaka kwa muda gani. Gia. Jua, mvua au baridi. Maji yamo kiasi gani kwenye tangi. Kona ya upande gani. Tunasikia nini. Safu ya mwisho ilikuwa ya usukani umesimama wapi ulipogoma, na kwa ajili hiyo nilibandika utepe mweupe juu ya usukani gari likiwa limenyooka, ili tuweze kusema utepe ulielekea juu, chini, kulia au kushoto. Kijana wangu ndiye aliyekuwa mwandishi, mimi nikiendesha. Tukawekeana sharti moja: anaandika kwanza, ndipo tunazungumza. Sharti hilo nalithamini kuliko spana yoyote niliyo nayo. Watu wawili wakishaanza kujadili, kumbukumbu inaanza kufuata maneno ya aliyesema kwa sauti kubwa zaidi, na mwenye sauti kubwa ndani ya lile gari ni mimi.

Tukaendesha gari tupu kwa wiki saba. Masaka na kurudi, Jinja na kurudi, Kabale mara mbili, Sipi mara moja. Mafuta yaliniuma, sitaficha. Lakini wiki ya saba daftari lilikuwa na mara 23, nikakaa mezani na kalamu tatu za rangi, nikaanza kuzitenga.

Mara 14 zote zilitokea injini ikiwa imewaka zaidi ya dakika hamsini, gia ya pili au ya tatu, injini ikinguruma kupanda mlima, jua limewaka. Kona ya kushoto au ya kulia haikujali. Na kwenye safu ya sauti, kijana alikuwa ameandika neno lilelile karibu kila mstari: nyuki.

Mara 6 zilitokea kabla ya saa mbili asubuhi, ndani ya dakika kumi za kwanza, nyingi baada ya mvua ya usiku au ule umande wa Kabale. Hakuna sauti yoyote. Na utepe ulikuwa kulia au kushoto, hata mara moja haukuwa juu wala chini.

Mara 3 zilizobaki hazikuwa za uzito. Gari lilikuwa linayumba kwenye ule unyoofu wa barabara ya Masaka karibu na Lukaya, kila lori likitupita, nami ninalirudisha na linakwenda tena. Mara zote tatu tangi la maji lilikuwa limejaa pomoni.

Nikaiweka kalamu chini. Kumbe nilikuwa namsaka mwizi mmoja, na walikuwa watatu, kila mmoja akimfichia mwenzake. Ndiyo maana mafundi walikuwa wakibishana mbele yangu. Huyu nikimwambia inatokea injini ikichemka, anasema ni pampu. Nikiongeza kwamba jana ilitokea asubuhi na mapema, anatikisa kichwa anasema basi si pampu. Kila nilichomweleza kilikuwa kweli, na kila kimoja kilimpoteza njia.

Nikaanza na zile sita, kwa sababu hizo zilinifuata hadi nyumbani. Asubuhi moja ya baridi, injini haijawashwa, tukainua mbele kwa jeki, tukaweka stendi mbili za chuma chini ya chesisi, magurudumu yote mawili yakaning’inia hewani. Hapo oili haimo kwenye hesabu, na uzito wa gari haumo. Nikauzungusha usukani kwa mkono mmoja, taratibu, nimefumba macho. Laini, laini, kisha ukashika kidogo. Nikafumbua: utepe uko kulia. Nikaendelea, ukaachia, ukashika tena: utepe uko kushoto. Mara mbili kwa kila mzunguko, palepale.

Basi tukaanza kukata njia vipande. Tukatenganisha mkono wa boksi na fimbo inayokwenda kwenye magurudumu. Kushika bado kupo, kwa hiyo si magurudumu, si bolijointi, si tairodi (zile nilizokwisha kuzilipia). Tukatenganisha shafti ya usukani na boksi. Kushika bado kupo, kwa hiyo si boksi (niliyokwisha kuilipia pia). Kilichobaki ni shafti yenyewe na krosi zake, zile zinazoiwezesha kupinda inapotoka kwa dereva kwenda chini. Krosi ya chini imekaa karibu na gurudumu, mahali ambapo tope la maramu linarushwa kila siku. Nilipoitoa na kuishika mkononi, kwa upande mmoja ilipinda kwa uzito wake yenyewe. Kwa upande wa pili ilibidi niikaze kwa mikono miwili, ikatoa unga wa kutu mwekundu kama pilipili ya kusaga, ukabaki kwenye mistari ya kiganja.

Krosi iliyokufa upande mmoja hukaza mara mbili katika kila mzunguko, na ndivyo utepe ulivyokuwa ukituambia wiki zote zile. Ikipata umande usiku, kutu inashikana. Ukiendesha kidogo inajisugua, inaachia, unasema gari limepona.

Jirani mmoja alinishauri niipulizie ile dawa ya kulegeza kutu nisitoe pesa tena. Nilimsikiliza. Siku nane ilikuwa laini, ya tisa mvua ikanyesha na daftari likapata mstari mwingine. Nikanunua mpya. Mwenye kazi kama hii mbele yake naomba akumbuke rangi: kabla ya kuchomoa shafti, chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya shafti na meno yake, ili irudi kwenye jino lilelile. Ikirudi imeruka jino, usukani unakaa upande gari likiwa limenyooka. Na shafti yenye krosi mbili, zisipokaa kwa mpangilio wake zinazaa mzito-mwepesi mwingine, nawe utaapa kwamba spea uliyouziwa ni mbovu.

Zikabaki zile 14, na hizo ndizo zilizotaka kutuua Kanaba.

Nikaamua kwamba safari hii tutaifuata hitilafu mahali inapoishi. Tukaenda Kasese, tukalala, na mchana wa siku ya pili jua likiwa kali tukaanza safari ya kurudi, tukavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, tukapita mbugani na joto lake, mpaka mguuni mwa ngazi za Kichwamba ambako barabara inaanza kupanda kuelekea Bushenyi. Maji tulitia nusu tangi, ili yule mwizi wa tatu asituchanganye. Krosi ilikuwa mpya. Injini ilikuwa imewaka zaidi ya saa moja. Kijana alikaa kiti cha abiria na tochi mkononi, vibano vya kifuniko cha injini ameshavilegeza.

Gia ya pili. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya. Kisha nikaisikia kabla sijaihisi mikononi, ile sauti nyembamba inayopanda.

“Nyuki, Mzee!”

“Nimeisikia. Usifungue bado.”

Nikatoka barabarani penye upana, breki ya mkono, kijana akaruka kutia mawe na kurudi, na injini nikaiacha inawaka. Hilo nilikuwa nimejiapiza: nisizime. Akafungua kifuniko, joto likatupiga usoni kama mlango wa tanuri la mkate. Nikakanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko ya injini ukakaa kwenye 2,000, nikaanza kuuzungusha usukani. Mzito kama jiwe.

“Mzee, mpira umelala.”

“Upi?”

“Huu wa kutoka kikopuni. Umelala kama ulimi.”

Nikainama nitazame. Mpira unaopeleka oili kutoka kwenye kikopo hadi kwenye pampu ulikuwa bapa kabisa katikati, kuta zake mbili zimekutana. Pampu ilikuwa inavuta, mpira unajifinya, oili haipiti. Ndani ya kikopo oili nyekundu ilikuwa imegeuka povu la rangi ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa rangi. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Mpira ukaanza kujaa taratibu, kama godoro la sponji unapoinua mkono. Nyuki wakanyamaza. Usukani ukawa mwepesi. Nikazima injini, na mpira ukawa wa duara, mweusi, mzima, usioweza kushitakiwa na mtu yeyote.

Kule Kanaba jambo la kwanza nililofanya baada ya kusimama lilikuwa kuzima injini. Gereji zote nne jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuzima injini. Ni adabu ya kazi, hakuna anayeingiza mkono kwenye injini inayozunguka, na sisi wenyewe pale Kichwamba mikono ilikaa mbali, tulitumia macho na tochi tu. Lakini kwa kuzima, kila mmoja wetu alikuwa ameufuta ushahidi.

Tuliteremka tukasubiri injini ipoe, tukanywa chai. Mpira ulipopoa nikaubonyeza kwa vidole viwili: palipo karibu na bomba la ekzosi ulikuwa laini kama unga wa chapati, na vidole vikatoka vyeusi. Nyumbani niliuchana kwa kisu kwa urefu. Ukuta wa ndani ulikuwa umevimba mpaka tundu limebaki la kupitisha kalamu ya risasi. Kwa nje, chini ya vumbi, kulikuwa na maandishi yaliyofifia yanayoonyesha kwamba ulikuwa mpira wa maji, wa aina ile ya kupeleka maji moto kwenye hita. Mipira mingi ya maji haijatengenezwa kukaa na oili. Inainyonya, inavimba, inalainika, na ikipata joto inakuwa kama utumbo.

Ulifikaje pale? Walioligeuza gari walihitaji nafasi ya betri ya pili, ya taa na friji. Wakakihamisha kikopo cha oili ya usukani sentimita 60 hivi. Mpira wa kiwandani ukawa mfupi. Wakachukua uliokuwepo karibu, wakaufunga kwa klempu mbili, wakaupitisha shibiri moja kutoka ekzosi, wakaendelea na makabati. Siku ya kukabidhiwa gari usukani lazima ulikuwa mwepesi. Mpira kama huo huchukua miezi kuoza.

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa. Nilirudisha kikopo mahali pake pa zamani. Betri ikahamia kwenye sanduku lake chini ya kiti kirefu, sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje. Kisenyi nilitafuta mpira wa kuvutia oili, wenye nyuzi ndani na maandishi ya kuthibitisha kwamba unahimili oili na joto. Muuzaji wa kwanza alinipa wa mafuta ya petroli akasema ni ndugu zake. Nikamshukuru, nikaenda kibanda cha tatu. Pamoja na klempu mpya, shilingi 85,000. Fundi mmoja alinishauri niache mpira wa zamani nitie springi ya waya ndani usijifinye. Nimewaona waliofanya hivyo, na sitawafuata: waya ukikatika, safari yake ya kwanza ni kwenye pampu.

Pampu ya zamani, ile iliyoambiwa imekufa, iko rafuni kwangu na nzima. Iliyomo garini ndiyo ninayoihurumia, maana ilivuta povu kwa wiki nyingi, na pampu inalainishwa na oili hiyohiyo inayoisukuma. Naisikiliza kila safari.

Ya tatu ilikuwa hesabu tu. Tangi la maji limefungwa nyuma kabisa, chini ya kitanda, mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili ni mita 3.9. Kilo 200 zikikaa hapo zinabembea kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao: zinabonyeza nyuma na kuinua mbele kwa kilo 65 hivi. Ongeza mtungi wa gesi na sanduku la vyombo ambavyo navyo viliwekwa nyuma. Nilimwomba mfanyabiashara mmoja wa mahindi aniruhusu kutumia mzani wake wa malori, nikapima magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, na hesabu ikakubaliana na mzani. Nimehamisha mtungi na vyombo mbele, na maji natembea na nusu tangi, najaza nikifika. Tangi lenyewe litahama mwaka huu, Mungu akijalia.

Wenzangu wanaonunua magari ya kulala hunipigia siku hizi kuniuliza watazame nini. Nawaambia wasianze na kitanda. Wafungue kifuniko na kuuliza juu ya kila kitu ambacho hakikutoka kiwandani: kilihamishwa kutoka wapi, na kilichokifikisha hapa ni kitu cha aina gani. Gari la kulala lina watu wazima wanaokunywa chai na watoto wanaocheza karata nyuma wakati wewe unapanda mlima, wanakuamini kama wanavyoamini sakafu ya nyumba yao. Nikiukumbuka mkono wa yule bibi na chungwa lake, sioni aibu kumwambia mwenye karakana kwamba kazi yake haijakamilika hata kama kabati linang’aa.

Miezi mitatu baadaye wale wazee wa Mombasa walirudi kumalizia siku zao. Niliwaandikia mwenyewe, nikawaeleza kila kitu, hata krosi. Tulipanda Kanaba mchana, jua kali, gari lilelile, kijana yuleyule na daftari lake magotini. Tulipofika juu na volkano za Muhabura na Sabinyo zikajitokeza mbele, mzee aliomba tusimame atazame. Nilisimama. Injini niliiacha inawaka kwanza, nikafungua kifuniko, nikatazama mpira. Ulikuwa wa duara. Kijana ameandika: Kanaba, saa nane kasoro kumi, gia ya pili, maji nusu tangi, kona zote, hakuna nyuki.